Injini Ndogo ya Zamani Bila Mashine Yake

Wakusanyaji wengi wa injini ndogo za petroli za zamani wana rafu zilizojaa injini, lakini hawana hata mashine moja iliyokuwa ikiendeshwa nazo. Sababu inaeleweka. Injini ya kilo 20 mtu hubeba mwenyewe, ila pampu yenye kitako cha chuma au mashine ya kufulia inataka watu wawili na nafasi ya kuiweka. Basi injini hufunguliwa bolti 4 ikaondoka, na mashine ikaishia kwenye vyuma chakavu. Huo kwangu ni ukusanyaji wa nusunusu, tena nusu iliyotupwa ndiyo ngumu kuipata siku hizi.

Chukua Maytag Model 72, injini ya silinda 2 iliyoanza kutoka mwaka 1937 kwa ajili ya mashine za kufulia. Mashamba mengi ya Marekani hayakuwa na umeme wakati huo. Wakala wa serikali wa kusambaza umeme vijijini ulikuwa umeundwa 1935 tu. Ndiyo maana injini ina pedali ya kupiga kiki, na ekzosi yake ni bomba refu linalopinda, la kupeleka moshi nje ya nyumba. Ikiwa peke yake mezani, vitu hivyo havina maana yoyote. Tena ni tustroki, yaani injini ya mipigo miwili: haina oili ya chini, oili huchanganywa na petroli. Anayeimiminia petroli tupu ataua beringi kabla hajafurahia mlio.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, ni mzigo. Injini inayonguruma vizuri bila kazi haijathibitisha lolote. Plagi ikining'inizwa nje itatoa cheche hata kama kondensa, kifaa kinachosaidia pointi kutoa cheche kali, imechoka, kwa sababu cheche huruka kirahisi kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya silinda, hewa ikiwa imebanwa, inahitaji volti nyingi zaidi. Ringi zilizolika, gasketi ya kichwa inayovuja, kabureta inayotoa petroli kidogo, vyote hivyo hujificha mpaka mkanda ukazwe na mashine ianze kuvuta.

Kabla ya kufika huko, usivute kamba ya kuwashia kwa pupa. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye silinda, kisha zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa mkono. Ikigoma, imenoki, yaani pistoni imekwama. Changanya asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, jaza juu ya pistoni, funika na uiache siku kadhaa, mbali na moto. Ukigonga, gonga kupitia kipande cha mbao, kamwe si nyundo juu ya pistoni. Ikizunguka lakini haina mgandamizo, tazama valvu ya ekzosi kwanza. Kwenye injini za valvu za pembeni hiyo ndiyo hupenda kukwama ikiwa wazi.

Pointi za magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) hushika ukungu wa kutu hata zisipotumika. Zipitishe msasa laini, kisha vuta katikati yake karatasi safi yenye spiriti. Punje moja ya msasa ikibaki, hakuna cheche. Kwa injini nyingi za zamani za Briggs & Stratton, nafasi ya pointi ni inchi 0.020 na ya plagi inchi 0.030. Kama muda wa cheche bado haueleweki, vua flaiwili uangalie ufunguo wake, kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia kwenye shafti. Ukikatika hata nusu, flaiwili huhama na cheche huja wakati usio wake, na kabureta ndiyo hulaumiwa.

Kabureta yenyewe ina adui mmoja mkubwa: petroli yenye ethanoli. Floti (maboya ya kudhibiti petroli ndani ya kabureta) za kizibo zilipakwa shelaki, aina ya vanishi, na ethanoli huila shelaki hiyo. Kizibo hunywa petroli, floti huzama, kabureta hufurika. Floti ya shaba ipime kwa kuizamisha kwenye maji ya moto: povu likitoka, imetoboka. Sindano kuu, skrubu ya kurekebisha petroli, ifunge taratibu hadi iguse, kisha fungua mzunguko mmoja na nusu. Hapo ni pa kuanzia tu. Marekebisho ya mwisho yafanye mashine ikiwa inavuta: ikipiga mafua kupitia kabureta, ongeza petroli, moshi mweusi, punguza.

Mkanda na puli hudharauliwa kupita kiasi. Tuseme injini inazunguka mara 3000 kwa dakika, puli yake ni inchi 3 na ya pampu ni inchi 9: pampu hupata 1000. Mtu akikosa puli ya asili ya injini akafunga ya inchi 4.5, pampu hupanda hadi 1500. Kwa pampu ya kusukuma maji kwa mzunguko, kasi ikiongezeka mara moja na nusu, nguvu inayotakiwa huzidi mara 3. Injini ya nguvu za farasi 2 itazimika, na mwenyewe atashinda wiki nzima akifungua kabureta. Kwa jiwe la kunolea, hesabu hiyohiyo ni ya usalama: jiwe lililopita kasi iliyoandikwa ubavuni huweza kupasuka likiwa linazunguka.

Na gavana, kifaa kinachozuia injini isizidi kasi, msiichezee. Wapo wanaofupisha springi yake ili injini "ichangamke". Konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na shafti, ikikatika kwa kasi hiyo hutoboa ukuta wa injini, na hapo hakuna cha kufufua.

Rangi mpya? Mimi siitaki, hasa inapofunika kibao cha namba. Namba ya modeli na ya utengenezaji ndizo zinazokuambia spea gani iagizwe na mashine gani inahusika. Gasketi kuukuu nazo usizikwangue zikiwa kavu, nyingi zina asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari, zilowanishe kwanza.

Ukimaliza kazi, funga koki ya petroli uiache injini iteketeze iliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Kisha legeza mkanda, vinginevyo mkanda huo utashika umbo la puli na kuanza kuruka siku utakapoiwasha tena.