Afisa taarifa za ndege: kujua bila kuamrisha

Abiria wengi hudhani kila sauti inayoongea na rubani kutoka ardhini inampa amri. Katika uwanja mkuu wa Uganda, Entebbe, ni hivyo: muongoza ndege akisema subiri, rubani anasubiri. Lakini Kiambatisho cha 11 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga kinataja huduma tatu, yaani kuongoza ndege, kutoa taarifa na kutoa tahadhari. Kiwanja kipewe ipi, hilo hupimwa kwa wingi na aina ya ndege na kwa hali ya hewa. Panapotua ndege chache, afisa taarifa hutosha. Yeye humwambia rubani upepo unatoka wapi na kwa kasi gani, mgandamizo wa hewa ni kiasi gani, nani mwingine yuko karibu, na kama ng'ombe au kaloli, wale korongo wakubwa wala mizoga, wameingia kwenye njia ya kurukia. Kutua au kutotua anaamua rubani.

Je, mpangilio huo unafaa viwanja vyetu vya mikoani, kuanzia Kidepo hadi Kisoro? Naona unafaa, ila si kila mahali wala si milele.

Wanaoupinga wana hoja nzito. Chukua ndege mbili ndogo za watalii zinazokaribia kiwanja kimoja dakika ileile. Afisa anaziona au anazisikia zote mbili, lakini hawezi kumwambia mmoja akae pembeni. Anamwarifu kila rubani habari za mwenzake, kisha wao wapatane redioni. Wakiwa waungwana, mambo huisha kwa maneno mawili. Akitokea mkaidi, afisa hana la kumfanya zaidi ya kurudia taarifa. Halafu ajali ikitokea, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa alisema nini na saa ngapi. Kubeba lawama bila mamlaka ni kazi chungu, tusifichane.

Hata hivyo, mamlaka ya mwisho juu ya usalama wa ndege ni ya rubani hata anapoongozwa, na mara nyingi anachokosa si amri bali habari. Kisoro iko zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari. Jua likiwaka, hewa ambayo tayari ni nyepesi huzidi kuwa nyepesi, na ndege iliyojaa huhitaji njia ndefu zaidi ili ipae. Hapo kipimo sahihi cha joto kina uzito kuliko sauti ya ukali.

Tena kuna nusu ya kazi hii isiyosemwa sana, ile ya tahadhari. Ndege isipofika ndani ya dakika 30 baada ya muda uliotarajiwa, hatua ya kwanza ya wasiwasi inaanza na simu zinapigwa. Kwa ndege ya injini moja iliyokuwa ikipita milima ya Karamoja, afisa makini anayetazama saa ndiye anayeamua kama utafutaji utaanza mchana au gizani. Asiye na mtu kiwanjani hana wa kumkumbuka.

Wengine watasema tufanye kama Sweden, iliyoanza mwaka 2015 kuongoza ndege za Örnsköldsvik kwa kamera kutoka mji mwingine. Wazo zuri, ila linahitaji umeme na mtandao visivyoyumba. Eneo letu la Nile Magharibi lilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa.

Kinachonikera zaidi ni upande wa ajira. Chuo cha usafiri wa anga cha Soroti tangu 1971 kimefanya vijana waote urubani na ufundi wa ndege, na afisa taarifa huonekana kama aliyeishia njiani. Mtu wa namna hiyo huondoka mara apatapo nafasi nyingine, na uzoefu wake wa kukijua kiwanja huondoka naye. Basi apewe njia ya wazi ya kusomea uongozaji, na idadi ya ndege katika kila kiwanja ikaguliwe kila mwaka. Pale ndege mbili kukutana angani panapogeuka kuwa jambo la kila asubuhi, apelekwe muongoza ndege, hata kama bajeti italalamika.