Damu ndani ya bahasha

Asubuhi ya kipimo huwa simezi dawa kwanza. Naosha mikono kwa maji ya moto, najidunga kidole cha pete, kisha naacha matone yadondoke yenyewe kwenye viduara vya karatasi nene. Kukamua kidole ni marufuku. Karatasi inakauka mezani saa kadhaa, inaingia kwenye mfuko wenye kipakiti cha kunyonya unyevu, halafu bahasha, halafu posta. Siku chache baadaye daktari wangu huku Uholanzi anajua nina klozapini, dawa yangu ya ugonjwa wa akili, kiasi gani mwilini.

Mamdogo nilipomsimulia kwa simu alicheka mpaka akakohoa. "Kwani huko damu ya mtu hubandikwa stempu?"

Mwanawe, tuliyekua naye Likoni, Mombasa, anatumia dawa hiyo hiyo. Kwake kipimo ni kuamkia feri, foleni, sindano ya mshipa, kisha mrija wa damu usafirishwe mbali. Mara ya mwisho majibu yalikaa wiki tatu. Katikati hapo alikuwa ameacha sigara kwa ajili ya Ramadhani, na hakuna aliyemwambia kwamba moshi wa sigara hulifanya ini liivunje klozapini upesi, kwa hiyo mvutaji akiacha ghafla dawa hupanda mwilini kwa dozi ile ile. Akawa analala mchana kutwa, mate yanaloanisha mto. Majirani wakashauri apungwe pepo. Kumbe dawa ilikuwa imemzidi.

Wenzangu wa ughaibuni wakisikia hivi huanza: "Afrika bado." Hapo ndipo tunapokosana. Karatasi hii si ngeni Mombasa. Robert Guthrie wa Marekani aliitumia kupima watoto wachanga tangu miaka ya 1960, na Kenya mtoto wa mama mwenye virusi vya ukimwi hutolewa damu kisiginoni akiwa na wiki 6, ikakaushwa kwenye karatasi ya namna hiyo na kusafirishwa maabara. Wauguzi wetu wanaijua kazi hiyo kama wanavyojua kufunga kanga. Ila ugonjwa ukiwa wa akili, mgonjwa mwenyewe ndiye hutembezwa, tena kwa nauli yake.

Nisiipambe sana, maana hata mimi karatasi hii haijaniondolea sindano: chembe nyeupe za damu lazima zihesabiwe, kwa kuwa klozapini inaweza kuziangusha, na karatasi haifai kwa hesabu hiyo. Tena huwezi kubeba vipimo vya Ulaya ukavitua Pwani vilivyo. Damu nyepesi hutanuka zaidi kwenye karatasi, kwa hiyo kipande kile kile kinachokatwa maabara hubeba damu kidogo na dawa huonekana ndogo kuliko ilivyo. Kwetu, penye malaria na selimundu, wenye upungufu wa damu si haba. Na unyevu je? Likoni mwezi wa Mei hata leso haikauki siku mbili. Hayo yapimwe huko huko, kwa damu ya watu wa huko, na wataalamu wa kuyapima tunao.

Alhamisi binamu yangu anavuka tena. Mamdogo anasema kidonge cha asubuhi atakifunga kwenye kikaratasi, akitie mfuko wa shati, akimeze akishachomwa sindano.