Wali wa Kyela ukifika Makambako, nani ataunusa?

Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na abiria wa basi hupewa dakika chache tu za kula. Safari yangu ya mwisho tulishushwa kwenye hoteli moja ya barabarani. Chipsi zilikuwa zimepoa, kuku mkavu. Nikaukumbuka wali niliouacha nyumbani, nikaumia.

Kwa hiyo nawaunga mkono wanaotamani tuwe na migahawa ya chakula kimoja cha kwetu: wali wa Kyela, wilaya ya Mbeya inayosifika kwa mchele unaonukia, kwa maharage, na samaki mbasa wa Ziwa Nyasa akipatikana, jina lilelile kuanzia Mwanjelwa, Mbeya, hadi Morogoro. Wapo wanaosema wali si chakula cha haraka. Mbona chipsi yai unasimama kusubiri ikaangwe? Wali ukishapaliwa makaa na kuingia kwenye hotipoti, kazi iliyobaki ni kupakua.

Harland Sanders wa Kentucky, Marekani, mwanzilishi wa migahawa ya kuku ya KFC, ndiye aliyekuwa na shida ya muda. Mwaka 1930 alianza kulisha wasafiri kwenye kituo cha mafuta mjini Corbin, na kuku wa kikaangio aliwachelewesha. Mwaka 1939 akaanza kutumia sufuria ya mgandamizo, kuku akaiva kwa dakika chache. Mwaka 1952, akiwa na miaka 62, alimruhusu mwenye mgahawa mmoja wa Salt Lake City, Pete Harman, kupika kuku wake kwa malipo ya senti 4 kwa kila kuku. Mwaka 1964 matawi yalishapita 600, akaiuza kampuni kwa dola milioni 2.

Yaliyofuata ndiyo yanayonitia hofu. Mzee yule alizunguka akionja chakula chenye picha yake, na mchuzi akauponda hadharani. Jina lilikuwa lake, sufuria si zake tena.

Sisi tutaharibikiwa mapema zaidi, tena kwenye gunia. Mchele unaoitwa wa Kyela sokoni, mwingine haujawahi kuiona Kyela. Unachanganywa, unabandikwa jina, na mkulima wa kule bondeni hapati hata shilingi ya sifa yake. Mgahawa wenye matawi kumi ukinunua mchele huo kwa madalali, utakuwa unasambaza uongo kwa kasi. Ningependa waanze na vyama vya wakulima: mkataba kabla ya msimu, bei inayojulikana, mashine ya kukoboa hukohuko. Bango la rangi lisubiri.

Mama ninayekula kwake pale Mwanjelwa hufungua gunia kabla hajalipa. Huchota mchele, huupekecha kiganjani, hunusa. Mara mbili nimeshuhudia akimrudishia dalali mzigo wake, wateja tukiwa tumekaa tunasubiri. Tawi likifunguliwa Makambako, mji ulio njiani kwenda Dar, yeye hatakuwepo. Wenye mpango waniambie kwanza kazi hiyo watampa nani.