Mwaka Huu Neno Langu ni "Kilichopo"

Kila ikifika wiki ya mwisho ya Desemba, simu yangu huanza kupokea maneno. Ingekuwa "heri ya mwaka mpya" ya kawaida ningeijibu kwa kidole gumba nikaendelea na pilau langu. Lakini wapi! Ni maneno: Utele. Kung'aa. Ujasiri. Yameandikwa kwa herufi za dhahabu juu ya jua linalochomoza kwenye bahari ambayo hata si yetu, na chini yake swali: "Na wewe mpendwa, neno lako la mwaka ni lipi?" Kwenye kundi letu la wanaoshona kwilti, yale mablanketi ya viraka vilivyoungwa, ndiyo balaa kabisa, maana sisi tunatia na picha ya vitambaa vipya vilivyokunjwa na kupangwa kwa rangi, ili neno lipate pa kukaa.

Safari hii mwenzetu mmoja, dada ninayemheshimu sana, mtu ambaye mshono wake umenyooka kuliko rula, akatangaza kwamba neno lake ni "Urahisi". Tukampigia makofi. Haukupita muda akatuma picha ya mzigo wa vitambaa alioagiza kwa ajili ya kuuanza mwaka wake wa urahisi. Mzigo wenyewe hauingii mlangoni. Nikaandika jibu, nikalifuta, nikaandika tena, nikalifuta. Haya, nimelileta huku.

Ninachosema ni kwamba neno la mwaka lazima likunyime kitu. Likikuacha ununue ulichokuwa unanunua, ulale saa uliyokuwa unalala, ushone ulivyokuwa unashona, hilo ni pambo, na pambo halihitaji Januari. "Ubunifu" linamnyima nani nini? "Utele" ndiyo usiseme, hilo ni ruhusa ya kwenda Mtaa wa Uhuru na pochi wazi. "Amani" nalo mtu mwenye cherehani inayokata uzi kila baada ya inchi mbili asilichague, atakufuru bure.

Najua mtaniambia watu wa Pwani tumeyavaa maneno mwilini miaka nenda miaka rudi. Kweli. Mtu anaingia dukani, anapekua khanga mpaka muuzaji anachoka, kisha anachukua ile yenye jina linalomfaa. Lakini khanga ina anayelengwa! Jirani, wifi, mke mwenza, mume aliyerudi usiku wa manane. Ukiifunga ukapita barazani, mwenyewe anajua ameambiwa. Yale maandishi ya dhahabu yanamwambia nani? Na tukiwa tunazungumzia mwaka mpya, Makunduchi kule Zanzibar wanauanza mwaka wao Julai, kwenye Mwaka Kogwa, na wanaume wanaanza kwa kuchapana kwa migomba ili vinyongo viishe. Ningependa kuona kundi letu likijaribu huo utaratibu. Kuna watu wawili watatu ningewatafuta mapema.

Basi neno langu ni "Kilichopo". Tafsiri yake kwa vitendo: mwaka mzima sinunui kitambaa cha kwilti. Nashona kwa kilichomo ndani.

Sikulichagua kwa kuwa ni tamu. Nililichagua baada ya kukaa na kalamu. Chukua kipande cha mraba cha inchi 2 na nusu, kile tunachokipenda wote kwa sababu kinapendeza kwenye picha. Ukikishona kwa mshono wa robo inchi kila upande, kinachobaki juu ni inchi 2 kwa 2. Piga hesabu ya eneo: ulianza na inchi za mraba 6.25, umebaki na 4. Asilimia 36 ya kitambaa imeingia ndani ya mshono, haitaonekana tena na jicho la binadamu. Sasa fikiri kwamba kile kitambaa ulikinunua kipya, kizima, kimenyooka, hakina tatizo lolote. Ukakileta nyumbani. Ukakikata vipande vidogo vidogo. Ukaanza kuviunganisha tena viwe kitambaa kimoja, kidogo kuliko ulichonunua. Halafu jioni unamweleza mumeo kwamba hii ni sanaa ya kubana matumizi. Mungu atusamehe.

Kwa mabaki hesabu ni ileile, mshono unakula vilevile, ila unakula kitu ambacho kilikuwa njiani kwenda jalalani. Hapo hata ukipoteza theluthi, umeokoa theluthi mbili. Hii ndiyo iliyokuwa akili ya kazi yenyewe tangu mwanzo, na inanishangaza jinsi tulivyofanikiwa kuigeuza juu chini.

Tazama wanawake wa Gee's Bend, kule Alabama, Marekani. Kijiji kiko kwenye kona ya mto, wakazi wake wengi ni vizazi vya watu waliokuwa watumwa kwenye shamba la akina Pettway, na jina hilo wengi wanalo mpaka leo. Kwilti zao zilipopelekwa makumbusho ya Houston mwaka 2002, kisha makumbusho ya Whitney kule New York, wajuzi wa sanaa walibaki vinywa wazi. Mwaka 2006 zikawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Zimetengenezwa kwa nini? Suruali za kazi. Mashati yaliyochujuka. Magunia. Mwaka 1972 chama chao cha ushonaji kilipata zabuni ya kushona foronya za koduroi, kile kitambaa kinene chenye michirizi, kwa ajili ya duka kubwa la Sears, na vipande vilivyobaki wakaondoka navyo nyumbani. Ndipo zikazaliwa zile kwilti za koduroi za rangi ya dhahabu na kijani cha parachichi ambazo leo watu wanazitazama ukutani kama wako msikitini. Hakuna aliyewaagizia rangi. Zilibaki, wakashona.

Na ipo moja ambayo siwezi kuitania. Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mume. Akazikusanya nguo zake za kazi, akashona kwilti. Magoti ya suruali yaliyosagika yanaonekana, na kwenye mshono wa mifuko iliyofumuliwa bado kuna rangi ya asili ambayo jua halikuifikia. Mtu aliyevaa nguo zile shambani ameacha umbo lake mle ndani. Niambieni ni duka gani linauza kitambaa cha namna hiyo.

Huko ni mbali, mtasema. Haya turudi nyumbani. Khanga yenyewe tunayojivunia ilianza kwa kuunga vipande. Kwa simulizi inayojulikana zaidi, katika karne ya 19 wanawake wa mwambao walikuwa wananunua leso zilizochapwa, zile za mkononi, zikiwa bado hazijatenganishwa kwenye jora. Wanakata urefu wa leso tatu, mara mbili, wanaziunga, wanapata nguo moja ya leso sita. Haukupita muda mrefu wenye maduka wakaona biashara, wakaagiza zichapwe kama nguo moja. Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Yaani bibi zetu walifanya kazi yetu kabla hatujajua inaitwaje, na hakuna aliyewauliza neno lao la mwaka.

Hata ng'ambo ya bahari ipo. Wasiddi wa Karnataka, India, ambao mababu zao walitoka Afrika na wengi upande huu wetu wa mashariki, wana blanketi lao la viraka linaloitwa kawandi. Wao hawaanzi katikati kama sisi. Wanaanza ukingoni, wanazunguka kwa sindano ya mkono kuelekea ndani, wanaweka nguo kuukuu moja juu ya nyingine mpaka wakutane katikati, na kwenye pembe nne wanashona vipande vilivyokunjwa wanavyoviita phula, maua. Blanketi lisilo na maua hayo kwao halijakamilika. Nguo kuukuu, sindano na uzi, basi. Sisi hatuwezi kuanza mpaka tuwe na kisu cha gurudumu, mkeka wa kukatia, na rula tatu za plastiki!

Sasa mimi kilichopo ni nini? Nina magunia. Chanzo changu kikuu ni sare. Anayeishi Dar anajua: hakuna kitchen party, send-off wala kipaimara bila sare, na kila kitenge cha sare kinaacha mabaki kwa kila fundi wa mtaa. Mafundi wananiita wenyewe, "Mama, njoo uchukue takataka zako." Nina vipande vya harusi ambazo nilikula wali wake. Nina vipande vya harusi ambazo zilishavunjika, na vile vipande bado rangi yake ni imara kuliko ndoa yenyewe. Nina khanga za marehemu shangazi zilizochanika pindo, nina mashati ya mtumba ya pamba nzito, nina mabaki ya vitenge vya Urafiki vya enzi zile kiwanda kinanguruma. Mtu mwenye utajiri huu akiingia dukani kutafuta kitambaa cha "kuanza mwaka" anahitaji kuombewa.

Kuna jambo ambalo wanunuzi hawalijui kwa sababu hawajawahi kuishiwa. Ukiwa unashona kwa kilichopo, kijani kinaisha. Kinaisha hasa, katikati ya safu, na hakuna kingine mjini. Inabidi uingize kile kipande cha kahawia ulichokuwa unakikwepa tangu masika. Unakishona umenuna. Kesho yake unaitandaza kwilti sakafuni na jicho linakwenda palepale kwenye kahawia, maana pengine pote pametulia mno. Aliyeagiza mzigo uliolingana rangi na mwenye duka hatapata hicho kitu, hata aite mwaka wake "Ubunifu" mara saba.

Mabaki yana adabu zake, nakiri. Vitenge vingi vya siku hizi ni poliesta imejivika jina la pamba, na ukiichanganya na pamba, pasi itakuumbua. Vuta nyuzi mbili uchome kwa kiberiti: pamba inaacha majivu na harufu ya karatasi, poliesta inayeyuka na kugeuka shanga ngumu. Khanga nyekundu iloweke peke yake kwanza, la sivyo utalala chini ya kwilti ya waridi ambayo hukuipanga.

Na mwenye duka, je, naye asile? Hilo swali nimeulizwa na dada wa Kariakoo niliyezoeana naye, na lina haki yake. Nikamwambia nitaendelea kununua kwake nguo ya kuvaa. Akasema, "Wewe? Wewe unavaa dera moja mwaka mzima." Sikuwa na jibu.

Wenye kushona kwa ajili ya kuuza nao wana shida tofauti. Mteja akitaka kumi zinazofanana, magunia yangu hayatamsaidia. Hao wanunue, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoshona kwa mapenzi, tuna kabati lililojaa mpaka mlango unafungwa kwa goti, na bado tunaandika "Urahisi".

Masharti yangu ni haya, niyaweke wazi kabla kundi halijaanza kunichunguza. Uzi nitanunua, tena mzuri, kwa sababu uzi uliooza haushikilii hata dua. Sindano za cherehani nitanunua. Kitu cha kuweka katikati, kati ya viraka na bitana, nitatumia mashuka mazito ya mtumba yaliyochakaa, kwa joto hili la Februari anayetaka kujifunika pamba nene ana yake. Bitana itatoka kwenye shuka. Kuhusu zawadi bado natafakari. Nadhani kitambaa ulichopewa na mtu, hujakiomba, hujakigharamia, kikishavuka kizingiti cha mlango kinahesabika kuwa kilichopo. Siku yangu ya kuzaliwa ni Machi, na rangi niliyoishiwa ni kijani.