Juu ya Jani au Ndani ya Maji? Hesabu ya Chura wa Macho Mekundu

Kwenye madimbwi ya Kisumu tumezoea mayai ya chura yaliyozama majini. Chura wa majani mwenye macho mekundu, Agalychnis callidryas, wa kusini mwa Mexico hadi Kolombia, hutaga juu: mayai kama 40 ya ute, yamenata kwenye jani linaloinamia dimbwi. Husemwa kwamba hapo yako salama, kwani samaki hawafiki. Ni kweli, lakini ni nusu ya hesabu.

Jani hukausha mayai. Ndiyo sababu jike, akiwa amembeba dume mgongoni, hushuka kwanza majini kujaza kibofu maji ya kulowesha mayai. Akitaka kutaga fungu jingine hushuka tena. Halafu kuna nyigu na nyoka, na nyoka wa jenasi ya Leptodeira aweza kumaliza fungu lote.

Jibu limo ndani ya yai lenyewe. Yasipoguswa, mayai huanguliwa baada ya siku 6 au 7. Nyoka akiyashambulia siku ya 5, viinitete (vichanga vilivyo bado ndani ya yai) huhisi mtetemo kwa sikio la ndani, hutoa vimeng'enya, yaani kemikali za mwili, vya kutoboa utando wa yai, na chini ya dakika moja viluwiluwi wanadondoka majini. Mvua nayo hutikisa jani, ila mwendo wa mitetemo yake ni tofauti, na wengi hutulia. Nyigu akichomoa yai moja, hutoka wachache walio jirani tu.

Kwa nini basi wasitoke mapema siku zote? Mwaka 1995 mwanabiolojia Karen Warkentin alionyesha gharama yake: aliyetoka kabla ya wakati ni mdogo na dhaifu, na samaki na uduvi humla kwa urahisi zaidi. Kwa maoni yangu, kinga kubwa ya chura huyu ni uwezo wa kuchagua siku ya kuhama. Jani humpa muda tu.

Magharibi mwa Kenya tuna vyura wadogo wa Afrixalus, wasio ndugu zake wa karibu, ambao hukunja jani la nyasi na kuligundisha juu ya mayai. Mkata mafunjo ana haki ya kipato cha mikeka, na ng'ombe wanahitaji njia ya kunywa. Lakini ukingo ukifyekwa wote wakati wa mvua, maji yatabaki na chura hatakuwa na pa kutagia. Njia ya ng'ombe ifunguliwe sehemu moja, kwingine majani yanayoinamia maji yaachwe hadi kiangazi.