Wivu Usio na Mwenyewe

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kiingereza, hapa Iringa, alitugawia vipande vya habari za Kiswahili akatutaka tuvitafsiri. Kipande cha kwanza kilianza na "Spika alisema", bila jina. Darasa lina watu zaidi ya 40, wasichana karibu nusu, na karibu wote tuliandika "he". Kiswahili hakikutuuliza Spika ni mwanamume au mwanamke. Ile "a-" humbeba yeyote. Kiingereza kilipotulazimisha kuchagua, tukamchagua mwanamume. Tena sisi, watu wa Nyanda za Juu Kusini, ambako ndiko walikotoka wanawake wawili waliokalia kiti hicho katika Bunge la Muungano: Anne Makinda wa Njombe, kuanzia 2010 hadi 2015, na Tulia Ackson wa Mbeya, kuanzia 2022 hadi 2025.

Hilo lilituuma, lakini kipande cha pili ndicho kilichonikosesha usingizi. Kilikuwa kichwa cha habari tu: "Mwanamke auawa kwa wivu wa mapenzi." Maneno sita, kila moja tunalijua, na bado sentensi ilikataa kuvuka kwenda Kiingereza. Mwalimu akauliza: wivu wa nani? Tukanyamaza. Sentensi haisemi. Aliyeua hayumo, na wivu wenyewe hauna mwenyewe. Mgeni asiyezoea magazeti yetu angeweza kudhani ni wivu wa marehemu.

Insha niliyoandika wiki ile ilikuwa na hasira. Nilisema kosa lote ni la kauli ya kutendwa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Na gazetini mwanamke abakwa, achomwa moto, auawa, huku mtendaji akiachwa nje ya mlango. Nikapendekeza waandishi watumie kauli ya kutenda. Mwalimu alinipa alama nzuri, kisha akaandika pembeni: "Sasa tafuta vichwa vya habari vilivyo katika kauli ya kutenda." Havikunipa shida kuvipata. "Amuua mkewe kwa wivu wa mapenzi." Mtendaji amekuja mbele, ndiyo. Lakini mwanamke amegeuka "mkewe", hana tena hata jina la mwanamke, na habari nzima imekuwa ya mume: alichofanya, alichohisi, alikokimbilia. Katika "Mwanamke auawa" angalau yeye ndiye anayeanza sentensi. Kumbe nilikuwa nimeilaumu sarufi isiyo na hatia. Neno linalofanya kazi mbaya pale ni "kwa".

Hiyo "kwa" inatoa sababu. Sababu imetoka kwa nani? Ndani ya nyumba walikuwa wawili na mmoja amekufa. Mara nyingi kilichobaki ni maelezo ya aliye hai, aliyoyatoa kituoni au aliyowaambia majirani. Yanapita kwa kamanda wa polisi wa mkoa yakiitwa "chanzo cha tukio", halafu yanatufikia yakiwa maneno ya gazeti lenyewe. Na maelezo hayo yana uzito wa kisheria. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 201, inasema anayeua kwa hasira ya ghafla iliyotokana na kuchokozwa, kabla hasira haijapata muda wa kupoa, hahesabiwi kuwa ameua kwa kukusudia. Mahakamani hoja hiyo hupimwa kwa ushahidi, swali kwa swali. Gazetini "wivu wa mapenzi" hupita siku ya kwanza bila kuulizwa chochote, na msomaji anaufunga ukurasa akiamini kwamba marehemu lazima alikuwa na jambo.

Nilimpelekea hoja hii kaka mmoja anayeandikia magazeti kutoka Mufindi, mwandishi wa kujitegemea asiye na ajira wala bima. Hakukasirika. "Mdogo wangu," akaniambia, "mimi nalipwa kwa stori iliyotoka, si kwa stori niliyoandika." Tukio limetokea kijijini, nauli ya bodaboda ni yake, na mhariri wa Dar es Salaam anataka mistari kumi kabla ya jioni. Chanzo anachoweza kukitaja bila kushtakiwa ni kamanda wa polisi. Akimwandika mume kuwa ndiye muuaji, na mahakama ikaja kumwachia, atakayetafutwa ni yeye. Mtuhumiwa hana hatia mpaka athibitike kuwa nayo, na hilo si jambo la kuchezea. Wapo watu waliowahi kuitwa wauaji mtaani kwa sababu ya kichwa cha habari, na jina hilo haliwatoki hata wakiachiwa huru.

Kisha akasema jambo lililonikalia zaidi. Kijijini, kifo kisicho na sababu hakikai hivyo hivyo. Gazeti au redio isiposema chanzo, watu watakitafuta wenyewe, na huku kwetu hawatafuti mbali: utasikia ni ushirikina, na kidole kitamwendea bibi fulani anayeishi peke yake. "Sababu ya polisi, hata kama ni dhaifu, inaweza kumwokoa bibi huyo," alisema. Nimekulia kijijini. Najua hasemi uongo.

Kwa hiyo sitaki tena sababu iondolewe. Nataka iwe na mwenyewe. "Polisi wanasema mtuhumiwa alidai kuwa…" ni sentensi ndefu kidogo, lakini inampa msomaji nafasi ya kujua nani anasema, na bibi wa kijijini naye anabaki salama. Tena ile hoja ya kutohukumu mapema inarudi upande wangu. Kama mwandishi haruhusiwi kusema mume ameua, anapata wapi ruhusa ya kusema ameua kwa wivu? Huwezi kusita kuhusu mkono wa mtu halafu ukawa na uhakika na moyo wake.

Zaidi ya hapo ninadai historia. "Wivu" hufanya mauaji yaonekane kama radi, kitu kilichoshuka jioni moja. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wakiwa na miaka 15. Nyumba nyingi za namna hii zina kumbukumbu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upelekwe kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka. Je, marehemu alikwenda? Mara ngapi? Aliambiwa arudi akavumilie? Alifika kwenye dawati la jinsia la polisi? Mtendaji wa kijiji alijua? Maswali haya hayamhukumu mume. Yanatuuliza sisi wengine tulikuwa wapi, na labda ndiyo maana hayaulizwi. Wala sidai jambo geni. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987, kilipigania habari za ukatili ziandikwe na kusikika, na kilikuwa miongoni mwa waliosukuma mpaka ikapatikana sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998.

Waandishi wa mkoa huu wanaijua thamani ya swali "nani?" kuliko mimi. Daudi Mwangosi, mwenyekiti wa klabu yao, aliuawa akiwa kazini tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, huko huko Mufindi. Picha zilizopigwa siku ile zilionyesha askari wamemzingira. Wenzake hawakukubali ibaki "mwandishi auawa". Walitaka sentensi iwe na mtendaji, na 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 15. Nilipomkumbusha kaka yule hilo, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ndiyo, lakini ona pia iligharimu nini kuuliza." Sikuwa na jibu, na bado sina. Ni rahisi kwangu kudai ujasiri nikiwa darasani wakati yeye analala kijiji kile kile anachokiandika.

Kuna upande mwingine wa jinsia ambao wanaodai usawa, nami nikiwamo, tunaupita haraka. Mwanamume akipigwa na mkewe, redio huisoma habari hiyo kama kituko cha asubuhi, watangazaji wakicheka na wasikilizaji wakipiga simu kuongezea. Mwanamume huyo hatakwenda dawatini, atanyamaza. Tukitaka wivu upewe mwenyewe katika habari ya mwanamke, lazima na kipigo cha mwanamume kiitwe kipigo.

Kaka yule alibaki na hoja moja: nafasi. Kichwa cha habari kina upana wake, alisema, na "kwa wivu wa mapenzi" kinakaa vizuri kwenye safu. Tukatoa karatasi tukahesabu. "Mwanamke auawa kwa wivu wa mapenzi" ina herufi 29. Nikaandika chini yake, "Mwanamke auawa, mumewe ashikiliwa." Herufi 29. Akahesabu mwenyewe mara ya pili kwa ncha ya kalamu.

"Na kama mume amekimbia?" akauliza.

"Asakwa," nikamwambia. "Herufi 25."

Akaiandika kwenye daftari lake, chini ya namba ya simu ya kamanda.