Utafiti wa nyota sio hela za kutupa

Kuna mwandishi kaandika kwamba vyuo viache kusomea nyota kwa sababu haimletei mwananchi chakula, mi hapo nampinga kabisa. Nipo Mikindani hapa Mtwara, mjomba wangu anavua dagaa kwa taa, mwezi ukiwa mpevu haingii baharini maana mwanga wa taa unamezwa na dagaa hawakusanyiki, na bamvua, yani siku maji yanajaa na kupwa sana, anaihesabu kwa mwezi huohuo, sasa hiyo kama sio elimu ya anga ni nini jamani?

Alafu hiyo waifai tunayotumia, mhandisi John O'Sullivan na wenzake kule Australia ndo walitengeneza sehemu yake muhimu miaka ya 90, na hesabu zake zilianzia kwenye kutafuta mawimbi ya redio ya mashimo meusi yanayolipuka, yani vitu vya angani vyenye mvuto mkali hadi mwanga hautoki, mashimo yenyewe hawakuyapata!

Na utafiti wa uchumi nao usidharauliwe. Mchumi Robert Jensen alichapisha 2007 utafiti wa wavuvi wa Kerala, India, simu za mkononi zilipofika wakawa wanaulizia bei kila soko wakiwa bado majini, samaki wa kumwagwa wakaisha, faida ya mvuvi ikapanda kama asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kama asilimia 4. Huku kwetu simu kila mtu anayo lakini bado unakuta mtu anashusha mzigo bei imelala. Kwa nini? Waje watafiti wapime hapa Mikindani na Kilwa pia, mjomba atawapakia kwenye mtumbwi bure.